Nyayo kwa Kibodi: Siku Nne za Kwanza na Fairlight, Umoja

Nimepiga nyayo za mtu kwa kibodi! Kwa vidole viwili tu! Mwanamke anapanda ngazi za ploti na jerikeni ya maji, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikigonga vitufe, kidole cha shahada mguu wa kulia, cha kati mguu wa kushoto, na kwenye skrini kila hatua inaangukia palepale soli inapogusa saruji. Nilirudia mara tisa. Sikuwa nikirekebisha kosa, ilikuwa tamu tu. Mara ya tisa jirani akagonga ukuta. Ilikuwa saa nane za usiku.

Ngoja nirudi nyuma, maana nimepakua chakula kabla ya kunawa.

Mimi ni mtu wa biti. Nimelelewa na FL Studio, ile ambayo wakubwa wetu bado huiita Fruity kwa sababu hadi mwaka 2003 jina lake lilikuwa FruityLoops, na simjui prodyusa wa Eastlands ambaye hajawahi kuifungua. Nakala yangu ya kwanza ililetwa kwa flashi, ya kukraki, kama ya kila mtu. Ya halali niliinunua nilipoanza kulipwa, na tangu siku hiyo sijadaiwa hata shilingi kwa toleo jipya, kwa kuwa Image-Line, hao Wabelgiji wanaoitengeneza, ukishanunua mara moja wanakupa matoleo yote yajayo bure. Huku kwetu biti ndiyo shule ya msingi. Marapa wa Kalamashaka walitoka Dandora. Calif Records ilichukua jina lake kwa mtaa wa California, kule Eastleigh, ikatulisha muziki wa genge. Mwaka 2018 Ethic wa hapahapa Umoja wakatoa Lamba Lolo, na ungepanda matatu mwaka ule ungedhani Nairobi ina wimbo mmoja. Mtoto wa Eastlands akipata kompyuta, hata iwe ya mkono wa pili na betri ilishakufa, kitu cha kwanza anachotafuta ni kiki na snea.

Sauti ya filamu? Hiyo niliiachia watu wa upande ule mwingine wa mji, wenye vyumba vilivyofunikwa sponji ukutani.

Basi wiki iliyopita akaja rafiki yangu wa Buruburu, dairekta, na filamu fupi ya dakika 12.

"Prodyusa, nataka uniwekee sauti."

Nikamwambia biti ziko, achague tu.

"Biti nahitaji dakika moja. Hizo 11 zingine nataka sauti."

"Sauti ya nini?"

"Ya kila kitu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya kwanza niliing'ang'ania FL. Mgala muue na haki mpe: inaonyesha video kwa plagini yake, na nilifika mbali kuliko nilivyotarajia. Lakini FL, kama ndugu zake wote wa muziki, huhesabu maisha kwa baa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, nne kwa nne, na kila unachoweka hujivuta chenyewe kwenye mstari wa biti kama sindano kwenye sumaku. Mwanamke wangu wa jerikeni alifunga mlango kwenye baa ya 37 na ushei. Ushei kiasi gani? Mlango haujui biti. Nikazima sumaku, nikauweka kwa jicho, na kwa saa nne nikaendelea hivyo na vikombe, kikohozi, makufuli na viatu. Kisha dairekta akapiga simu. Amekata sekunde mbili mwanzoni, amenitumia picha mpya, asante sana. Kila kitu nilichokuwa nimekipanga kikawa sekunde mbili nje ya mahali pake.

Hapo nikaelewa shida yangu, na haikuwa FL. Miaka yote hii mimi ndiye nimekuwa mwenye saa. Naamua mwendo wa 96, naamua 140, rapa anapanda, densa anapanda, hata dereva wa nganya, zile matatu za mbwembwe, anapanda. Kwenye filamu mwenye saa ni picha. Mimi ni abiria wa nyuma kabisa na sina hata haki ya kuomba kushukia steji. Programu iliyojengwa kwa ajili ya mwenye saa haiwezi kumtumikia abiria, hata uipende vipi.

Fundi mmoja wa Luthuli Avenue ndiye aliyenitoa gizani, akiwa anabadilisha feni ya laptopu yangu. "Si ushushe Resolve? Ni ya bure, na ndani iko na Fairlight." DaVinci Resolve niliijua kama programu ya kupaka filamu rangi. Sikujua kwamba chini ya skrini, kwenye ile foleni ya alama, kuna noti ndogo ya muziki. Faili yenyewe ni gigabaiti kadhaa. Niliiacha ishuke usiku kucha kwa waifai tunayochangia ghorofa nzima, na asubuhi watu wakanisalimia kwa ubaridi.

Nikabonyeza ile noti. Jamani!

Traki zimelala moja baada ya nyingine, mawimbi yake yakionekana waziwazi. Picha iko juu, kulia imesimama miksa, na kila traki imezaliwa na ikwalaiza ya bendi sita, kompresa, limita na geti. Hutafuti plagini, huombi mtu faili, hufungui tovuti ya kutilia shaka. Unafungua mlango wa chumba ulichopanga na unakuta tayari kuna kitanda, jiko na sufuria. Na rula ya juu, ah, rula! Haina baa hata moja. Imeandikwa 01:00:00:00. Saa, dakika, sekunde, fremu.

Nilidhani nimeharibu kitu. Filamu haijaanza na saa nzima imeshapita? Kumbe ndiyo desturi ya mafundi wa filamu. Picha ya kwanza hukaa kwenye saa moja kamili ili nyuma yake ibaki nafasi ya maandalizi, ikiwemo pipu moja fupi, ya fremu moja tu, inayolia sekunde mbili kabla ya picha, pale 00:59:58:00. Sauti na picha zikisafiri mbalimbali, pipu hiyo ndiyo inayozikutanisha. Nilifurahi kama mtoto. Kwa Kiswahili siku huanza saa moja! Nimefungua programu ya Australia nikakuta inahesabu kama nyanya yangu.

Naam, Australia. Hapa nivumilie kidogo, maana hadithi hii imenilaza macho. Jina Fairlight ni la zamani. Mwaka 1979 vijana wawili wa Sydney, Peter Vogel na Kim Ryrie, walitoa mashine iitwayo Fairlight CMI, kompyuta yenye kibodi ya piano na kalamu ya mwanga ya kuchorea mawimbi kwenye skrini. Unarekodi mbwa akibweka, unambwekesha kwa noti yoyote unayotaka. Ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza kabisa za kuchukua sauti ya dunia na kuipiga kama ala. Bei yake maelfu kwa maelfu ya pauni, kwa hiyo wateja wake walikuwa watu wa kiwango cha Peter Gabriel na Kate Bush. Baadaye kampuni ikahamia kazi ya filamu na televisheni. Mwaka 2016 Blackmagic Design, Waaustralia wenzao, wakainunua, na mwaka uliofuata wakaiingiza ndani ya Resolve 14. Yaani chombo chenyewe kilitoka kwenye muziki kikahamia kwenye filamu. Kilitangulia njia ninayoipita mimi wiki hii kwa miaka mingi! Na jina walilitoa wapi? Kwa feri iliyokuwa ikipita majini mbele ya nyumba ya nyanya yake Ryrie. Wameita kompyuta jina la chombo cha abiria. Hawa wangekaa Umoja vizuri sana.

Sasa ile kibodi. Ndani ya Fairlight kuna kifaa kinachoitwa Foley Sampler. Foli ni kazi ya kutengeneza upya sauti ndogondogo za filamu: nyayo, nguo, vijiko, funguo. Jina lake limetokana na Jack Foley wa studio za Universal, aliyeifanya tangu filamu zilipoanza kusema. Kwa kawaida fundi wa foli husimama mbele ya picha akiwa na viatu halisi juu ya sakafu halisi. Sampler inakuruhusu kurekodi hatua chache, kuzipachika kwenye kibodi ya MIDI, na kuzipiga ukitazama picha. Mtu wa biti akisikia hivyo anaelewa mara moja. Hii ni MPC, ile mashine ya kupigia sampuli, ila ya maisha!

Kwa hiyo siku ya pili nilizunguka mtaa na simu na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Viatu vya mitumba, jozi mbili za Gikomba: ngumu na laini. Geti la ploti, la chuma, lenye lile komeo linalolia mara mbili, ukifunga na ukishaondoka. Chapati ikitua kwenye kikaango kwa mama wa pale kona, ambaye aliniuliza, "Kijana wangu, unarekodi chapati ama unanunua?" nikanunua nne. Karai na sufuria nilivifuata Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, nikatoka na mlio wa bati ambao siuachii filamu hii peke yake. Jerikeni ya lita 20 nilirekodi ikiwa tupu, nusu na tele, maana kila kiwango kina sauti yake na mwanamke wa filamu anapanda na tele, anashuka na tupu. Hakuna duka la sampuli duniani linalouza hiyo. Blackmagic wanatoa maktaba ya sauti bure, na ni nzuri, ila milango yake inafungwa kama ya watu wenye zulia.

Na hapa nilipata somo la bure kutoka kwa vidole vyangu. Nyayo za kwanza nilizipiga sawasawa mno. Mkono wa prodyusa haujui kuchelewa. Mwanamke akapanda ngazi kama askari wa gwaride la Madaraka. Nikamtazama tena: anakokota mguu kidogo kwenye ngazi ya nne, anahamisha jerikeni mkono, anapumua. Ilinibidi nipige vibaya kwa makusudi. Kwenye FL kuna kitufe cha kunyoosha kila noti mpaka ikae kwenye mstari, na nimekitumia kwa miaka mingi bila kufikiri. Ngazi za Umoja hazinyooshwi.

Ukikuza picha ya wimbi, raha inazidi. Filamu hii ina fremu 24 kwa sekunde, na sauti ya filamu hukaa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, tofauti na zile 44,100 za muziki wa sidii. Gawanya: kila fremu imebeba sampuli 2,000 kamili. Fairlight inakushusha mpaka kwenye sampuli yenyewe. Mlango ulionichukua robo saa kwenye FL niliuweka kwa miguso miwili, na dairekta alipokata tena (lazima wakate tena, nimeshakubali) alikata ndani ya mradi uleule, kwenye ukurasa wa uhariri, na sauti zangu zikasogea pamoja na picha zake. Hakuna kutumiana faili. Hakuna "ile ya mwisho kabisa namba tatu". Nilimtumia dairekta alama ya moto kumi na tano kwenye WhatsApp.

Lakini kelele za Eastlands, ndugu zangu! Filamu ilipigwa Donholm, na ndege zinazoshuka JKIA zinapita juu kama zimelipwa. Mistari mitatu ya mhusika mkuu imezama kabisa. Mingine ina mvumo wa friji. Friji tumeimaliza: stima ya Kenya huvuma kwa hezi 50, na kifaa cha De-Hummer kina kitufe cha 50 tayari, unabonyeza na mvumo unaondoka kama mgeni aliyeambiwa usiku umeingia. Ndege haina kitufe. Toleo la kulipia, Resolve Studio, lina Voice Isolation inayotenga sauti ya mtu na kila kitu kingine. Kwenye toleo la bure imefungiwa, unaichungulia tu kama keki kwenye kioo. Basi tukarekodi upya. Kuna paneli maalumu ya kazi hiyo: unaorodhesha mistari, inampigia mwigizaji pipu za kuhesabu, anasema, unachagua iliyotulia. Kibanda chetu kilikuwa kabati la nguo na blanketi mbili, saa kumi alfajiri, baada ya kesha la kanisa la ghorofa ya pili na kabla ya adhana. Dakika arobaini za ukimya kwa siku, ndiyo bajeti ya Umoja. Dada mwigizaji akasema mstari wake kwa kunong'ona, na nilipouweka juu ya midomo yake ukakaa. Nywele zilinisimama.

Siku hiyo nilimkumbuka DJ Afro. Nani wa rika langu hakukaa kwenye kibanda cha video, benchi la mbao, akitazama filamu ya Kichina au ya Kihindi huku DJ Afro akimpa kila mhusika maneno mapya? Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kampala wana mavijei wao. Akisema, sauti ya filamu inashuka. Akinyamaza, risasi zinarudi. Kufanya hivyo kwenye Fairlight ni kuiambia kompresa ya muziki isikilize traki ya maneno, na nilipoiona ikifanya kazi nilipiga kelele, "Huyu ni Afro!" Tulijua ufundi huu tukiwa na miaka kumi, jina tu ndilo lilikosekana.

Na sasa najua pia kwa nini Afro alilazimika kufunika kila kitu. Filamu iliyomfikia ilikuwa imekaangwa pamoja: maneno, muziki na milango kwenye sufuria moja. Kwenye kazi ya filamu iliyofanywa vizuri, maneno hukaa kwenye njia yake, muziki yake, milio yake, hadi mwisho kabisa, ili mtu wa nchi nyingine akitaka kuweka lugha yake aondoe maneno peke yake na mlango ubaki unafungwa. Fairlight inakuruhusu kuzipanga njia hizo tangu mwanzo. Dairekta wangu anataka kuipeleka filamu hii Mombasa na Kampala, na siku akipata pesa za kuitia Kiganda, ngazi zangu hazitaguswa.

Kitu kimoja kilinitia aibu. Mimi huwa namalizia biti kwa nguvu, kwenye eneo la LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 7 chini ya sifuri, ukuta mtupu, kwa sababu kwenye nganya kama hujapiga kifua hujaingia. Nikamalizia filamu hivyohivyo. Mita ikawa nyekundu kama taa ya Jogoo Road saa moja jioni. Spotify hushusha nyimbo hadi karibu na 14 chini ya sifuri, televisheni za Ulaya hutaka 23, na Netflix wanataka maneno ya filamu yatulie kwenye 27, kilele kisipite 2 chini ya sifuri. Ishirini na saba! Nilipoteremka huko nilihisi kama nimezima redio. Kisha nikarudisha mwanzo, nikasikia blauzi ya yule mwanamke ikisugua jerikeni. Na mlango ulipobamizwa kwenye dakika ya nane, niliruka kwenye kiti. Sijawahi kumrusha mtu kwa biti, na nimejaribu kwa besi zote zilizopo.

Najua, kipya kinyemi ingawa kidonda, kwa hiyo niseme vidonda. Resolve ni nzito. Blackmagic wenyewe wanashauri ramu ya gigabaiti 16 na kadi ya picha yenye nguvu, mimi nina 8 na kadi ya kuombea dua. Nimeishi kwa kugeuza picha kuwa nyepesi kabla ya kufanya kazi, na laptopu imepika chai. Na kutunga muziki humu? Sahau. Hakuna ile ngazi ya noti ya FL, hakuna mahali pa kujenga biti kutoka hewani. Nilijaribu kupanga kiki kwa mkono kwenye traki nikajiona mtu anayelima kwa kijiko. Anayetengeneza nyimbo tu hana kazi na hii. Abaki na FL yake, au na Logic kama ana Mac, alale vizuri.

Ile dakika moja ya biti basi nikaifanya FL, na hapo nikapata zawadi ya mwisho. Nilikuwa nimezoea kuchagua mwendo kwa mwili. Safari hii nikapiga hesabu: kwa biti 90 kwa dakika, biti moja huchukua theluthi mbili ya sekunde, na theluthi mbili ya fremu 24 ni fremu 16 kamili. Kamili! Kila snea inatua kwenye fremu nzima. Ungekuwa unapiga kwa fremu 25, kama televisheni, 100 inakupa fremu 15 na 125 inakupa 12. Nikaweka FL kwenye 48,000 kabla ya kugusa chochote, nikatunga kwa 90, nikatoa WAV za biti 24, ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, nikazidondosha Fairlight. Dairekta alikuwa ameikata sehemu hiyo kwa hisia zake mwenyewe, na mikato yake mitatu ikaangukia juu ya snea bila mimi kugusa. Tulitazamana. Akasema, "Wewe umefanya uchawi." Sikukanusha.

Kama mashine yako haiwezi kabisa, fimbo ya mbali haiui nyoka: chukua Reaper. Nilikuwa nayo kwa siku moja tu na tayari naiheshimu. Ni faili ndogo sana ikilinganishwa na lile lori la Resolve, inakimbia kwenye laptopu ambayo fundi ameshaisomea dua, inaonyesha video, na rula yake inageuka kutoka baa kuwa fremu kwa kubofya. Yaani inaweza kuwa mwenye saa asubuhi na abiria jioni. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, na aliyewahi kulipa shilingi moja kwa dakika kwenye saiba akisikiliza Winamp anajua tunamdai heshima. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Leseni ya mtu mdogo ni dola 60, karibu shilingi 7,800, na unaruhusiwa kuitumia hiyo hata kwa kazi ya pesa mradi mapato yako ya mwaka hayajapita dola 20,000. Mimi bado nina nafasi. Ubaya wake ni kwamba haisomi AAF moja kwa moja, yaani ile faili ambayo wahariri wa programu nyingine hutumia kukutumia sauti zao zikiwa zimepangwa, na sura yake ni kavu kama fomu ya chifu.

Pro Tools ndiyo lugha ya studio kubwa za filamu tangu miaka ya 1990. Ukiota kuajiriwa huko, jifunze, kuna ya bure iitwayo Intro yenye traki nane za sauti. Filamu yangu ya dakika 12 ina traki 31. Cubase na Nuendo ni za nyumba moja ya Kijerumani, moja ya muziki na nyingine ya filamu, na bei ya Nuendo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Resolve Studio ni dola 295, unalipa mara moja, kama shilingi 38,000. Mwezi huu nitalipa kodi ya nyumba. Mwezi ujao tutaona, maana zile ndege za JKIA zinaniuma rohoni, na dairekta ameshaanza kusema "filamu ya pili" kwa sauti ile ya mtu asiyeomba.

Imebaki ngazi ya nne. Ule mguu unaokokotwa bado si wake, ni wangu, nauona kila nikitazama. Saa kumi kasorobo. Kanisa limetulia, na nimeshavaa vile viatu laini vya Gikomba.